Mita Mia Tatu za Sajinitaji Nkwabi

Kama kuna jambo lililonizeesha kabla ya wakati wangu, ni kurudishiwa ramani. Nimekuwa mtunza stoo ya ramani ya kikosi chetu hapa Mwanza kwa miaka mingi, na maafisa wanaorudisha ramani ikiwa imekunjwa nilivyowapa nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wanaikunja kama shuka. Wanaikalia ndani ya Land Rover. Mmoja aliniletea karatasi ya Sengerema ina doa la mchuzi wa sato lililofunika kijiji kizima, akaniambia eti doa lilikuwapo. Mtu mmoja tu alikuwa akirudisha ramani ikiwa safi kuliko alivyoichukua, na huyo ndiye aliyenichosha kuliko wote.

Aliitwa Sajinitaji Nkwabi Malimi, mkufunzi wa ramani na dira. Namsema wazi kwa sababu amestaafu, na ananijua mimi Safia binti Bilali kuwa sina maneno ya pembeni. Lakini habari yake siwezi kuisimulia bila kumtaja mama mmoja, Ng'washi, aliyekuwa akileta viazi vitamu getini kwetu kila Jumanne. Ubishi wote nitakaoueleza, wa Nkwabi na Kapteni Alexander na kifaa chake cha setilaiti, ulimhusu yeye na jembe lake, na mwenyewe hakuwa na habari.

Nkwabi alizaliwa upande wa Misungwi, kwenye nyumba ya wafugaji. Alipoanza kuchunga alikuwa bado hajajua kuhesabu, kwa hiyo baba yake alimfundisha kutia kokoto moja mfukoni kwa kila ng'ombe aliyetoka zizini, na jioni kuzitupa moja moja wakiingia. Jeshini aliendelea hivyo hivyo. Mfuko wa kushoto wa suruali yake ulikuwa na kokoto kumi, na kila alipotembea mita mia moja alihamisha moja kwenda mfuko wa kulia. Hatua zake alizijua: mia moja thelathini na mbili kwa mita mia za tambarare, zaidi kidogo akipanda kilima, na zaidi tena akiwa na njaa. Wakati wa vita vya Kagera alikuwa kwenye kundi la wapimaji, wale wanaotangulia kupima mahali mizinga itakapokaa. Habari za vita hasimulii. Anachopenda kusema ni kwamba bomu haliendi unakotaka wewe, linakwenda ulikopima.

Nyumbani kwake Kiseke ndiko ungemjua vizuri zaidi. Alipojenga, mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wakiuziana viwanja bila mpango, yeye alisimamisha nyumba kwa dira. Ukuta wa mbele unatazama kaskazini kamili. Barabara ya mtaa, lakini, inapita mshazari, kwa hiyo nyumba imewapa majirani bega na mlango wake unatazama choo cha nyumba ya pili. Mkewe, mama Evelina, alinionyesha siku ya kwanza nilipofika, hata chai haijamiminwa.

"Mwanangu, mimi kila nikifungua mlango asubuhi nasalimiana na choo," aliniambia. "Nikisema, naambiwa kaskazini ni kaskazini."

Ndivyo alivyokuwa na darasani. Kozi yake ilikuwa ya wiki sita na ilikuwa mateso. Penseli ilichongwa kwa kisu, si kwa kichongeo. Askari aliyesema "nafikiri tupo hapa" alizunguka uwanja wa gwaride mara tatu ili akafikirie vizuri. Mahali popote pa kupimwa palihitaji alama tatu zinazoonekana, kila moja ipimwe nyuzi zake kwa dira, maana alama mbili ni ugomvi, alisema, ya tatu ndiyo shahidi. Aliwafundisha kila kilichoandikwa pembezoni mwa ramani: kipimo, mwaka, rangi, tofauti ya kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani. Aliruka mstari mmoja tu, mdogo sana, wa chini kabisa. Huo alisema ni wa wachapaji, wasipoteze muda. Mstari huo naomba ukumbukwe.

Mwaka 1998 Kapteni Alexander akarudi kutoka kozi ya nje. Siku hizo kila kitu kilikuwa kinatoka nje. Mitumba ilijaa hadi barabarani, viwanda vya minofu ya sangara viliota pwani yote ya ziwa, na soda ilikuwa ndani ya kopo. Kapteni naye alirudi na kifaa cha setilaiti, kidogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, kina kioo na antena nene. Unakisimamisha mahali penye uwazi, unakisubiri kitafute setilaiti zake, kisha kinakuandikia namba za mahali uliposimama. Ukikipa namba za mahali unapotaka kwenda, kinakuonyesha mshale.

Kapteni hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililozidi kuniudhi, maana mtu mbaya unamchukia ukapumzika. Alikuwa kijana mwenye heshima, anakunja ramani vibaya lakini anaomba radhi. Aliamini tu kwamba kazi ya Nkwabi imekwisha, kama vile mtu aliyenunua jiko la gesi anavyoamini kwamba kuni zimekwisha.

Mwezi wa tatu, mvua za El Nino zikiwa bado hazijaisha, aliandaa mashindano. Vikosi viwili vidogo, kimoja na kifaa, kingine na Nkwabi, vitoke vilima vya Misungwi hadi kwenye bendera ambayo Kapteni mwenyewe aliisimika siku moja kabla na kuihifadhi ndani ya kifaa. Siku hiyo ilikuwa na mvua na ukungu, alama za Nkwabi zote hazionekani. Watu wa Kapteni waliifikia bendera saa mbili na nusu kabla yake. Nkwabi alifika baadaye, matope hadi magotini, na kokoto zake zote zikiwa mfuko wa kulia, akakuta wenzake wameshakunywa chai. Aliiona bendera, akaipigia saluti.

Baada ya hapo kozi ya wiki sita ikawa ya siku tatu. Nkwabi akaambiwa atastaafu Desemba, na kwamba likizo yake ya mwisho anaweza kuianza mapema akitaka. Kifaa akaanza kukiita "kisanduku", na Kapteni hakumwita tena kwa jina. Mimi nilikuwa katikati, natumwa na huyu nikamwambie yule, wakati wote wawili wamesimama mbele ya meza yangu.

Sasa nimrudie Ng'washi. Jeshi lilikuwa na renji ya kufyatulia mota, ile mizinga midogo ya bomba, mahali panaitwa Igwata, njia ya Misungwi, unashuka kuelekea ghubani hadi ziwa linakuwa kaskazini yako. Ardhi ile ilitwaliwa miaka ya sabini, na kipande chake kilikuwa cha baba mkwe wake Ng'washi. Mkwe alifariki, mume naye akafariki, yeye akabaki na watoto watano na viazi vya kulima kwenye mashamba ya kuazima. Renji ilikuwa haitumiki tena. Ikaja amri kwamba ardhi isiyotumika irudishwe kwa wananchi, na kijiji kikampangia Ng'washi ekari mbili katikati yake. Kila Jumanne aliniuliza lini. Siku moja aliniambia kwamba baba mkwe wake aliondolewa pale mihogo ikiwa bado shambani, na kwamba yeye mvua ya kwanza ikinyesha anaingia, tuwe tumemaliza au hatujamaliza.

Tulichotakiwa kumaliza ni mabomu matatu. Mwaka 1984, kwenye mazoezi, mabomu matatu ya mota yalizama kwenye udongo laini bila kulipuka. Wahandisi waliitwa waje kuyaharibu, mafuta ya gari hayakupatikana, na nani alikuwa na mafuta mwaka ule? Nkwabi akapapima mahali penyewe, akaandika kwenye faili namba nane za ramani, akaweka alama ya penseli kwenye karatasi niliyokuja kuirithi stooni. Miaka kumi na minne ikapita. Mpaka mabomu yale yaonekane na yaharibiwe, ardhi isingerudi salama.

Kapteni alizichukua zile namba nane kutoka kwenye faili, akaziingiza kwenye kifaa, tukaenda Igwata mwezi wa nane. Mimi nilibeba ramani. Nkwabi alikuja kwa sababu aliamriwa. Mshale ulitupitisha katikati ya renji, ukatushusha, ukatushusha tena, hadi tukaingia kwenye matete na maji yakanifika juu ya buti. Hapo ndipo kifaa kikasema tumefika.

Kapteni akatazama maji, akatazama kifaa, akapata jibu. Ziwa lilikuwa limepanda kwa mvua za El Nino, hilo kila mtu alilijua, wavuvi wa mialoni, kule mitumbwi inakofikia, walihamisha vichanja vyao vya kuanikia dagaa mara mbili mwaka ule. Basi mabomu yamefunikwa na maji, alisema. Hayatamdhuru mkulima. Kazi imekwisha.

Nkwabi alikuwa amebaki pakavu. "Afande," alisema, "hapa hata mwaka themanini na nne palikuwa na maji. Bomu langu halikuanguka ziwani."

Kapteni akamuuliza basi liliangukia wapi. Nkwabi akasema pale alipopaandika. Kapteni akamwonyesha kioo: namba zile zile, zote nane, hakuna iliyopungua. Na hapa ndipo ninapotaka kupiga meza hata leo. Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza inawezekanaje. Kapteni alimwomba, kwa heshima kabisa, amwonyeshe daftari lake la vipimo vya mwaka ule. Nkwabi akajibu kwamba daftari lake halisomwi na mtu anayetumia betri. Nilitamani kumtia kibao, na cheo chake na umri wake na shikamoo yangu juu.

Kapteni naye akageuka akatafuta kilimani lile jabali kubwa ambalo faili lilitaja kuwa ndilo alama ya tatu ya Nkwabi. Halikuwapo. Wapasua mawe walikuwa wamelichoma moto na kulivunja, limekuwa kokoto, labda liko kwenye msingi wa kiwanda cha minofu. Kapteni akasema, bila dharau, kwamba hata jiwe la Sajini halipo tena. Uso wa Nkwabi ulibadilika. Alipanda gari akakaa nyuma. Baadaye sana aliniambia alichokuwa anafikiri njia nzima: kwamba bila shahidi wa tatu, pengine yeye ndiye aliyekosea mwaka ule. Wahenga wamesema mficha uchi hazai. Angenipa mimi lile daftari siku ile, mengine yote yasingetokea.

Kapteni aliandika taarifa. Karani alikuwa mgonjwa, nikaipiga taipu mimi. "Eneo limefunikwa na maji. Sehemu iliyobaki ni salama kwa kilimo." Nikaigonga muhuri, nakala moja ikaenda kijijini. Nkwabi akachukua likizo yake ya mwisho akaenda kugombana na mkewe Kiseke. Ng'washi alikuja Jumanne iliyofuata, akaniachia viazi bure, fungu zima, akisema ni vya ile barua ya muhuri iliyofika kijijini. Nilivichemsha nikavila.

Mwezi wa kumi nilikuwa nafanya usafi wa stoo. Kila karatasi isiyotakiwa na mtu kikosini huishia kwangu, na miongoni mwake nilikuta boksi la kile kifaa, na ndani kijitabu cha maelekezo ambacho hata gundi ya kurasa haijabanduka. Yaani serikali inanunua kifaa, anapelekwa mtu ng'ambo kujifunza, na kijitabu kinakuja kufunguliwa na Safia. Nilikaa nikakisoma, kwa hasira tu mwanzoni, kamusi ikiwa pembeni. Ukurasa wa arobaini na kitu ulisema kwamba kabla ya kutumia kifaa pamoja na ramani, lazima ukiambie ramani ile ilipimwa kwa kipimo gani cha dunia, na kwamba jina la kipimo hicho limeandikwa chini ya ramani yenyewe. Ikafuata orodha ndefu ya majina. Karibu na mwanzo niliona: Arc 1960, Kenya na Tanzania.

Nilijua nimeliona wapi. Nilivuta droo, nikatoa karatasi ya kwanza iliyonijia mkononi, nikatazama chini kabisa, kwenye ule mstari wa wachapaji. Arc 1960. Nikatoa ya pili, ya tatu. Miaka kumi na mmoja wakati huo nimezikunja ramani zile na kidole gumba changu kimepita juu ya maneno yale kila siku, na sijauliza. Kuuliza si ujinga, nawaambia watoto wangu kila siku, halafu mimi mwenyewe nilinyamaza.

Kifaa chenyewe kilikuwa kabatini kwangu. Nikakitoa nje, nikakisimamisha kwenye uwanja wa gwaride, nikasubiri kitafute setilaiti zake, nikahifadhi namba za pale nilipo. Kisha nikafuata kijitabu, nikabadilisha kile kipimo kuwa Arc 1960. Namba za kile kifaa hazitulii, huchezacheza hata ukiwa umesimama. Lakini hii haikuwa kucheza. Sikuinua hata kisigino, na namba zangu ziliruka karibu mita mia tatu kutoka kusini kwenda kaskazini, na kama tisini upande.

Nilielewa kama fundi wa nguo anavyoelewa, maana mama yangu alikuwa fundi. Mmoja anaanza kupima shingoni, mwingine anaanza begani. Inchi ni zile zile, namba ni zile zile, na gauni halikai. Nkwabi aliandika namba kwa kipimo cha zamani, kifaa kikazisoma kwa kipimo kipya, na kikatupeleka mita mia tatu kaskazini ya mahali penyewe. Bendera ya Machi ilipatikana kwa sababu kifaa chenyewe kiliipima na chenyewe kikaitafuta, ramani haikuguswa. Kwa hiyo mabomu hayakuwa ziwani. Yalikuwa katikati ya renji, kwenye zile ekari mbili.

Usiku uliopita mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha. Na ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, na Ng'washi hakuwa ameleta viazi.

Nilikwenda kwa Kapteni nikikimbia, jambo ambalo mwili wangu haulipendi. Nikamwekea mezani kijitabu, ramani na kifaa, nikamwonyesha kwa kidole. Alisoma mara mbili. Jasho likamtoka puani. Nilitegemea ajitetee, nikajiandaa kwa maneno makali, akaninyima nafasi. Alichukua simu akawaita wahandisi wa medani, akachukua funguo za Land Rover, akasema, "Tunampitia mzee."

Nkwabi tulimkuta nje anapima mahali pa kuchimba kisima, mama Evelina amesimama mlangoni amekata tamaa. Nilimwambia kwa ufupi. Aliingia ndani akatoka na dira na daftari, akapanda mbele bila kuambiwa. Njiani nilimweleza yote, fundi wa shingoni na fundi wa begani, na yeye anatazama kioo cha mbele tu.

"Ule mstari wa chini," alisema tulipokwisha kupita mjini.

"Ndiyo, Afande."

"Niliwaambia ni wa wachapaji. Madarasa yote."

Kapteni aliendelea kuendesha, hakuitumia nafasi ile kumsuta, na nilimshukuru kwa hilo. Barabara ilikuwa na matope. Tulikwama mara moja, na kwa mara ya kwanza niliwaona wanasukuma kitu kimoja.

Tulipofika juu ya renji tulimwona tangu mbali. Alikuwa peke yake, amefunga kanga kiunoni, ameinama, jembe linapanda na kushuka. Matuta mapya yalikuwa tayari sita, meusi, yamenyooka kuliko ya mtu mwenye kamba. La saba lilikuwa katikati. Kapteni alipiga kelele, upepo wa ziwa ukazirudisha. Ng'washi akatuona, akapunga mkono kwa furaha, akainama tena. Nkwabi akatoa filimbi yake ya darasani, akaipuliza kama alivyozoea kumpulizia askari aliyesema "nafikiri". Jembe likasimama. Akamwita kwa Kisukuma arudi juu ya nyayo zake mwenyewe, pole pole, asikanyage kwingine, na yule mama akarudi.

Kisha wakapima. Kapteni alikuwa amebadilisha kipimo ndani ya kifaa, na mara hii mshale haukwenda ziwani, ulikwenda moja kwa moja kwenye matuta. Lakini kadiri tulivyokaribia ndivyo ulivyoanza kuhangaika, mara huku, mara kule. Alisimama akasema ukweli wake: kifaa kinamfikisha shamba hili, humo ndani ni mita hamsini za kubahatisha, hawezi kumwambia mtu aweke mguu wapi. Nkwabi akafungua daftari. Alikuwa na bikoni ya wapimaji kilimani, ile nguzo yao ya saruji, alikuwa na mnara wa kanisa ng'ambo ya ghuba, na jabali halikuwapo. Akaniomba miwani yangu, akatazama sana kilima, akaliona kovu jeupe la mahali lilipokatwa. "Shahidi amekufa, kaburi lipo," alisema. Akasahihisha nyuzi kwa ajili ya sindano, maana kaskazini ya dira huhama kidogo kila mwaka, akaanza kutembea kando ya matuta, ndani ya mifereji, hatua moja moja, na kokoto zikihama mfuko. Hazikuhama nyingi. Alisimama mbele ya tuta la saba, pale lilipokuwa limeishia, akanyoosha mkono tusisogee.

Mvua za mwaka mzima zilikuwa zimeosha udongo. Hatua tatu mbele yake, kwenye mstari ule ule wa tuta, mkia wa bomu ulikuwa umechomoza, mabapa mawili yenye kutu, ungedhani ni jembe bovu lililotupwa. Jembe la Ng'washi lingefika pale kabla hajapumzika kunywa maji.

Mengine nayamaliza haraka kwa sababu yananikera. Wahandisi waliyalipua yote matatu siku ya Ijumaa. Taarifa iliyokwenda juu ilisema yalipatikana kwa teknolojia ya setilaiti. Kapteni aliandika jina la Nkwabi, nililipiga taipu mwenyewe, huko juu wakalifupisha. Nkwabi alistaafu Desemba kama ilivyopangwa, na kozi ikabaki siku tatu. Mimi nilinunua penseli nyekundu nikapiga mstari chini ya yale maneno kwenye kila ramani ya stoo, na mpaka leo luteni wapya wanakuja kunishitaki kwamba naharibu mali ya jeshi.

Lakini jambo lisilonitoka ni la siku ile ile, pembeni ya shamba, tukiwa tumesimama wanne tunatazama ile kutu. Kapteni alikuwa ameanza kumweleza Ng'washi habari ya setilaiti, na vipimo viwili vya dunia, na jinsi ambavyo hakuna mtu aliyekusudia. Ng'washi hakuwa anamsikiliza. Alifungua fundo la kanga yake, akatoa barua yetu, imekunjwa vizuri, mikunjo minne, pembe kwa pembe, safi kuliko karatasi yoyote iliyowahi kurudi kwangu. Akainyoosha, akaweka kidole kwenye muhuri.

"Mimi kusoma sijui," alisema. "Huu niliambiwa maana yake ni kwamba mmepaona."

Nkwabi alimpokea jembe taratibu, akaliweka chini. Kisha akatembea akaketi peke yake mwisho wa tuta la sita, akaanza kuzitoa zile kokoto mfukoni moja moja, na mpaka wahandisi wanafika jioni hakukubali kuondoka pale.